Moshi Huu Ni wa Nani? Hewa Chafu ya China, Anga la Korea na Hesabu Isiyokubali Jibu Moja

Machi 2019 jiji la Seoul lilifunikwa na utusitusi wa rangi ya majivu ambao haukutaka kuondoka. Kwa siku saba mfululizo serikali ya Korea Kusini ilitangaza hatua za dharura: magari makuukuu ya dizeli yakazuiwa barabarani, vituo vya umeme wa makaa ya mawe vikapunguziwa kazi, watu wakahimizwa kuvaa barakoa. Tarehe 5 ya mwezi huo, wastani wa siku wa chembechembe laini hewani ulifika mikrogramu 135 katika kila mita ya ujazo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka wastani wa siku usizidi 15. Siku chache baadaye Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyoihesabu hewa chafu kuwa janga la kijamii, na Ban Ki-moon, Katibu Mkuu wa zamani wa Umoja wa Mataifa, akakabidhiwa baraza la taifa la kutafuta suluhisho.

Swali lililokuwa midomoni mwa watu lilikuwa moja. Moshi huu ni wa nani?

Wengi walikuwa na jibu tayari: ni wa China. China nayo ilikuwa na jibu lake. Desemba 2018 msemaji wa wizara yake ya mazingira alisema kwamba uchafu wa hewa ya Seoul, kwa sehemu kubwa, unatoka Seoul kwenyewe. Kila upande ulikuwa na takwimu mkononi, na kila upande uliamini mwenzake anaficha ukweli.

Mimi naona kasoro imo ndani ya swali lenyewe. Linachukulia moshi kama mzigo: umefungwa kwa jirani, ukapakiwa juu ya upepo, ukashushwa mlangoni kwako ukiwa na jina la aliyeutuma. Ingekuwa hivyo, mtu angekaa na kalamu akamaliza hesabu jioni moja. Lakini sehemu kubwa ya kile kilichowakereketa koo watu wa Seoul haikutoka kwenye bomba lolote ikiwa moshi. Ilipikwa njiani, na viungo vyake vilitoka majiko tofauti.

Chumvi inayozaliwa hewani

Tuanze na neno lenyewe. Erosoli ni chembe ngumu au matone madogo mno yanayoelea hewani. Vumbi la jangwani ni erosoli. Chumvi inayorushwa na mawimbi ya bahari ni erosoli. Masizi ya jiko la mkaa vilevile. Zinazowatia madaktari wasiwasi zaidi ni zile ndogo kuliko mikromita 2.5, ambazo wataalamu huziita PM2.5. Unywele wa mtu una upana wa mikromita 50 hadi 70, kwa hiyo ungehitaji kupanga chembe kama hizo zaidi ya 20 bega kwa bega ili uvuke unywele mmoja. Kwa udogo huo pua haizizuii, koo halizizuii. Zinafika hadi kwenye vifuko vya hewa ndani ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu.

Baadhi hutoka chini zikiwa chembe tayari. Masizi ya lori la dizeli ni mfano. Lakini nyingine huzaliwa hewani kutokana na gesi, na hizi ndizo zinazovuruga hesabu ya nani kamchafua nani.

Makaa ya mawe yana salfa ndani yake. Yakichomwa, salfa hutoka kama dioksidi ya salfa, gesi ambayo ukiitazama hewani huioni. Ndani ya saa kadhaa hadi siku chache, kwa msaada wa jua na unyevu wa mawingu, gesi hiyo hugeuka kuwa asidi. Asidi hiyo ikikutana na amonia hutengeneza chumvi, na chumvi ndiyo chembe. Amonia yenyewe hupanda kutoka mashamba yaliyomwagiwa mbolea na kutoka mazizi ya mifugo. Magari, viwanda na vituo vya umeme hutoa pia oksidi za nitrojeni, ambazo nazo hugeuka asidi, zikashikana na amonia, zikawa chumvi ya pili inayoitwa nitrati ya amonia. Chumvi hizi mbili, salfeti na nitrati, pamoja na mivuke ya mafuta, rangi na kuni iliyoganda kuwa chembe, ndizo zinazobeba uzito mkubwa wa ukungu wa Asia Mashariki siku za hewa mbaya.

Tazama maana yake. Punje moja ya nitrati inayoingia pafuni mwa mtoto wa Incheon, jiji lililo jirani na Seoul, inaweza kuwa na nitrojeni ya gari lililopita mtaani kwao asubuhi hiyo, na amonia ya shamba la ngano la Shandong, ng'ambo ya bahari huko China.

Kuna jambo jingine la msingi: umri. Kaboni dioksidi ikipanda leo, sehemu yake itakuwa bado ipo angani karne kadhaa zijazo, imeenea dunia nzima karibu sawasawa. Erosoli za angani chini huishi siku chache, wiki moja hivi, kisha mvua inazisafisha au zinatua zenyewe. Wiki moja ni muda wa kutosha kuvuka mpaka, hata bahari. Hautoshi kuenea duniani kote. Ndiyo maana uchafu wa aina hii huwa ugomvi wa majirani hasa. Anayeumia ni yule anayeishi upande upepo unakoelekea, si mtu wa bara la mbali.

Ndugu yake kaskazi

Waliokulia pwani ya Afrika Mashariki wanaujua upepo huu bila kuambiwa, kwa sababu wanaishi na ndugu yake. Majira ya baridi bara la Asia hupoa sana. Hewa iliyo juu ya Siberia na Mongolia huwa baridi na nzito, mgandamizo wake unakuwa mkubwa, na hewa hiyo inatafuta pa kutokea kuelekea baharini ambako kuna joto zaidi. Upande wa kusini-magharibi, mfumo huo wa majira ya baridi hufika juu ya Bahari ya Hindi hadi Mombasa na Unguja. Huo ndio kaskazi, ulioleta majahazi kutoka Uarabuni na India kwa karne nyingi. Upande wa mashariki, hewa ile hupita juu ya China kaskazini, yenye viwanda vya chuma, vituo vya makaa ya mawe na mamilioni ya majiko ya kupashia nyumba joto, kisha inashuka juu ya Bahari ya Njano hadi Korea, na mbele yake Japani.

Kutoka rasi ya Shandong hadi ufuo wa magharibi wa Korea ni chini ya kilomita 400. Upepo wa kilomita 20 kwa saa unamaliza safari hiyo kabla siku haijaisha.

Msomaji anaweza kudhani basi siku za upepo mkali ndizo mbaya kuliko zote. Ni kinyume. Baridi kali inapovuma kwa nguvu kutoka Siberia, Seoul hupata anga jeupe na safi. Wakorea walikuwa na msemo wa kale kuhusu majira yao ya baridi, kwamba siku tatu ni za baridi na nne za joto. Miaka ya karibuni watu wameugeuza: siku tatu za baridi, siku nne za vumbi laini. Na ndivyo inavyokwenda. Baridi inapolegea, mgandamizo ule mkubwa hutambaa taratibu juu ya Bahari ya Njano. Hewa iliyojaa viungo vya China inavuka bahari polepole, inakunywa unyevu njiani, na juu yake kunakuwa na tabaka la hewa ya joto lililokaa kama mfuniko wa sufuria. Ikifika Seoul inakuta hali ileile ya utulivu imewafungia wakazi moshi wao wenyewe chini.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Moshi wa mgeni na moshi wa mwenyeji huongezeka siku ileile kwa sababu ya hali ileile ya hewa. Zaidi ya hapo, chembe zilizokuja na mgeni zinashika maji, na ndani ya hewa hiyo yenye unyevu nitrojeni ya magari ya Seoul hugeuka nitrati kwa urahisi kuliko ingekuwa peke yake. Mgeni hakuongeza moshi tu, alimsaidia mwenyeji kupika wa kwake.

Asilimia ya nani?

Mei na Juni 2016 shirika la anga la Marekani, NASA, na taasisi ya utafiti wa mazingira ya Korea Kusini walifanya kazi kubwa ya kupima hewa iliyoitwa KORUS-AQ. Ndege ya utafiti ya aina ya DC-8 ilizunguka juu ya rasi ya Korea na Bahari ya Njano ikivuta hewa kwenye mitambo yake, huku chini wanasayansi wakipima katika bustani ya Olimpiki mjini Seoul na vituo vingine. Matokeo ya awali yaliyotolewa Julai 2017 yalisema kwamba asilimia 52 ya chembe laini katika kituo kile cha bustani zilitokana na vyanzo vya ndani ya Korea Kusini, asilimia 34 China, na asilimia 9 Korea Kaskazini.

Novemba 2019 ikatoka ripoti ya pamoja ya wanasayansi wa China, Korea Kusini na Japani. Nauthamini sana waraka huo, kwa sababu serikali tatu zenye mashaka makubwa kati yao zilikubali kuweka namba mezani. Kwa mwaka 2017, ripoti ilisema, China ilichangia wastani wa asilimia 32 ya chembe laini katika miji ya Korea, na Korea yenyewe asilimia 51. Kwa Japani, sehemu ya China ilikuwa asilimia 25 na ya Japani yenyewe 55. Kwa China, asilimia 91 ilikuwa yake mwenyewe.

Lakini mwaka huohuo, taasisi ileile ya Korea ilichambua siku tano mbaya sana za Januari 2019 na kutangaza kwamba takriban asilimia 75 ya uchafu ulitoka nje ya nchi.

Kwa hiyo ni 32, 34 au 75? Zote zinaweza kuwa sahihi, kwa sababu zinajibu maswali tofauti. Moja ni wastani wa mwaka. Moja ni ya Mei na Juni, wakati pepo za baridi zimekwisha, tena ni ya kituo kimoja. Moja ni ya siku tano zilizochaguliwa kwa sababu zilikuwa mbaya. Mwanasiasa anayetaka kumlaumu jirani atachukua ya Januari. Anayetaka kubana viwanda vya nyumbani atachukua ya Mei. Wala hakuna aliyedanganya, ila kila mmoja amemwacha msikilizaji gizani kuhusu swali lililoulizwa.

Kuna tatizo la ndani zaidi, na hili husemwa mara chache sana kwenye habari. Asilimia hizi hazipimwi moja kwa moja na chombo chochote. Hutoka kwenye programu za kompyuta zinazoiga anga. Mtafiti huingiza upepo, joto, mvua na orodha ya kila chanzo cha moshi, anaendesha programu, kisha anarudia huku amezima vyanzo vyote vya China. Tofauti kati ya majibu mawili ndiyo inayoitwa mchango wa China.

Sasa chukua ugali. Jirani ametoa unga, wewe umetoa maji. Ukiondoa unga wa jirani, hakuna ugali: basi jirani anahusika kwa asilimia 100. Rudia, safari hii uondoe maji yako. Hakuna ugali pia: basi wewe unahusika kwa asilimia 100. Jumla ni 200, na hakuna aliyekosea kuhesabu. Nitrati ya amonia ndivyo ilivyo. Inataka nitrojeni na inataka amonia, na ukizima chanzo kimoja chumvi yote inapungua. Ndiyo maana watafiti wengine hawazimi kabisa, hupunguza moshi wa nchi kwa asilimia 20 tu na kutazama kinachobadilika. Wengine huutia kila moshi alama ndani ya programu na kuufuata hadi mwisho. Njia tatu, majibu matatu, nchi ileile, mwaka uleule.

Siwezi kusema kwamba kwa hiyo namba hizi hazina maana. Kwa masizi, ambayo hayahitaji kiungo cha pili, hesabu huenda vizuri. Kwa salfeti inaenda vizuri kiasi. Ni nitrati inayokataa kugawanywa, na bahati mbaya ndiyo ambayo imekuwa ikichukua nafasi kubwa zaidi.

Kisiwa, setilaiti na jangwa

Ukitaka kujua nchi inatoa nini, simama mahali pasipo na moshi wake wenyewe, upande upepo unakoelekea. Kisiwa cha Fukue, magharibi mwa Japani katika mkoa wa Nagasaki, ni mahali pa namna hiyo. Watafiti wa Kijapani wamekuwa wakipima masizi huko tangu 2009. Kila hewa inapofika, hurudisha hesabu nyuma kufuata njia ya upepo ili wajue siku chache zilizopita ilikuwa juu ya wapi. Siku ambazo mvua imenyesha njiani huziweka kando, kwa kuwa mvua hufuta ushahidi. Kinachobaki ni kama kusikiliza kifua cha China kutoka ng'ambo ya bahari. Katika miaka kumi ya kwanza masizi yaliyotoka upande huo yalishuka kwa kiasi kikubwa, bila mtu yeyote Fukue kuhitaji takwimu za Beijing.

Setilaiti nazo zinasaidia, ingawa zina udhaifu wao. Hupima ni kiasi gani cha mwanga wa jua kimezuiwa na erosoli zote zilizo kati ya ardhi na anga za juu. Zinaona nguzo nzima ya hewa. Pua ya mtu iko chini kabisa ya nguzo hiyo. Moshi ulioko kilomita tatu juu utaonekana vizuri kwenye picha ya setilaiti huku walioko chini wakivuta hewa nzuri. Februari 2020 Korea Kusini ilirusha setilaiti inayobeba kifaa kiitwacho GEMS, kilichowekwa juu ya Asia bila kuhama, kinachotazama gesi na erosoli za eneo hilo saa baada ya saa mchana. Zile za zamani zilipita mara moja tu kwa siku, na moshi unaotembea kilomita 20 kwa saa hausubiri.

Halafu kuna vumbi la manjano, ambalo watu wengi hulichanganya na hili. Hilo hutoka jangwa la Gobi na nyika za Mongolia wakati wa masika ya huko, chembe zake ni kubwa zaidi, na limeandikwa katika kumbukumbu za Wakorea tangu kabla ya kiwanda chochote. Linapita njia ileile. Siku nyingine huja limefunikwa na chumvi za viwandani lilizookota njiani.

China ilipozima majiko

Januari 2013 kipimo kilichowekwa kwenye ubalozi wa Marekani mjini Beijing kilisoma 755 kwenye mizani ya ubora wa hewa ambayo imetengenezwa kuishia 500. Hasira ya wananchi ilikuwa kubwa mno kupuuzwa. Septemba mwaka huo serikali ya China ilitangaza mpango wa taifa wa kusafisha hewa, wenye malengo ya lazima kwa kila eneo hadi 2017. Vituo vya umeme vikafungiwa mitambo ya kuosha salfa kwenye moshi. Tanuri ndogo za makaa ya mawe zikafungwa kwa maelfu. Vijijini kaskazini kaya zikahamishwa kutoka makaa ya mawe kwenda gesi na umeme, wakati mwingine kwa haraka iliyowaacha watu kwenye baridi.

Wastani wa mwaka wa chembe laini Beijing ulikuwa mikrogramu 89.5 mwaka 2013. Mwaka 2017 ulikuwa 58. Mwaka 2021 ulikuwa 33. Sikumbuki jiji jingine kubwa lililoshuka kiasi hicho kwa muda mfupi hivyo. Watafiti wa China wanakadiria kwamba kati ya 2013 na 2017 dioksidi ya salfa ya nchi nzima ilipungua kwa asilimia 59.

Hii ilikuwa zaidi ya sera. Kwa wanasayansi ilikuwa jaribio ambalo hakuna maabara ingeweza kulifanya: nchi yenye zaidi ya watu bilioni moja ilianza kuzima majiko yake, na majirani wote walikuwa na vipimo tayari. Chembe laini katika hewa ya Korea Kusini zilishuka kutoka wastani wa mikrogramu 26 mwaka 2015 hadi 18 mwaka 2021. Korea nayo ilikuwa imebana vituo vyake vya makaa ya mawe katika miaka hiyo, na shughuli zilipungua wakati wa UVIKO-19, kwa hiyo sifa haiwezi kupewa upande mmoja. Lakini mwelekeo ulikuwa uleule Seoul, kisiwa cha Jeju kusini mwa Korea, na Fukue.

Na hapo nitrati ikajitokeza. Salfa ilipungua kwa kasi, oksidi za nitrojeni zilipungua kwa takriban asilimia 21 tu katika kipindi kile, na amonia karibu haikupungua kabisa, kwa kuwa mpango ule haukuilenga amonia ya mashambani. Asidi ya salfa ina nguvu. Palipo na amonia huichukua kwanza. Ilipopungua, amonia ikabaki huru, na asidi ya nitrojeni ikapata mwenzi. Kwa hiyo salfeti ikashuka sana, nitrati haikushuka kwa kiasi kile, na siku za ukungu mzito wa majira ya baridi ziliendelea kuwepo, Beijing na Seoul.

Mapema 2020 dunia ilipata onyo lililo wazi kuhusu hili. China ilifunga miji yake kwa sababu ya virusi, magari yakatoweka barabarani, na bado Februari Beijing ikapata ukungu mzito. Watu walishangaa. Viwanda vizito, umeme na mifumo ya kupasha nyumba joto vilikuwa vinaendelea. Upepo ulikuwa umetulia na unyevu ulikuwa mwingi. Na kupungua kwa oksidi za nitrojeni kuliongeza ozoni, ambayo inachochea upishi wa chembe kutokana na gesi zilizobaki. Mpishi mmoja aliondoka jikoni, chungu kikaendelea kuchemka.

Anayenunua, na kifuniko kilichoondolewa

Kuna mlango wa tatu katika hesabu hii ambao Seoul wala Beijing hawakupenda kuufungua. Kiwanda cha China kinachotoa moshi kinaweza kuwa kinashona shati la mtu wa Ulaya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Nature, ukitumia takwimu za 2007, ulikadiria kwamba kati ya vifo milioni 3.45 vya mapema vilivyotokana na chembe laini duniani, takriban 411,000 vilisababishwa na uchafu uliotoka eneo jingine la dunia. Lakini vifo takriban 762,000 vilihusiana na bidhaa na huduma zilizozalishwa eneo moja ili zitumike eneo jingine. Matumizi ya Ulaya Magharibi na Marekani peke yake yalihusishwa na zaidi ya vifo 108,000 ndani ya China. Nikiisoma namba hiyo naona biashara imesafirisha madhara mbali kuliko upepo ulivyoweza.

Kisha kuna joto. Salfeti ni nyeupe. Inarudisha mwanga wa jua angani, na inayafanya mawingu yang'ae zaidi. Kwa miongo mingi moshi wa Asia ulikuwa umefunika sehemu ya joto linaloletwa na gesi nyingine. Utafiti wa kimataifa uliotoka Julai 2025 ulikadiria kwamba upungufu wa takriban asilimia 75 wa dioksidi ya salfa ya Asia Mashariki umeongeza karibu nyuzi 0.07 kwenye joto la dunia tangu mwaka 2010, na alama yake inaonekana hasa kwenye Bahari ya Pasifiki ya kaskazini, upande ambao upepo unapeleka hewa ya China. Joto hilo lilikuwepo tayari. Kaboni dioksidi ilikuwa imekwisha kulileta, moshi ukawa umelisitiri. Wapo wanaolisema hili kana kwamba ilikuwa heri moshi ubaki. Mimi siwezi kuwaunga mkono, nikikumbuka waliolipia kivuli hicho kwa mapafu yao.

Huku kwetu

Mnamo 2016 hivi, setilaiti zilionyesha India ikiipita China kwa kutoa dioksidi ya salfa. Na India ndiyo iliyo upande upepo wa kaskazi unakotoka. Kati ya Januari na Machi 1999 wanasayansi wakiongozwa na Paul Crutzen na Veerabhadran Ramanathan walipima juu ya Bahari ya Hindi, kituo chao kikiwa Maldives, wakakuta utando wa rangi ya kahawia wenye unene wa kama kilomita tatu, umetanda kutoka Asia Kusini hadi ng'ambo ya ikweta. Kinachouzuia kusonga zaidi kusini ni ukanda wa mvua ambapo pepo za kaskazini na kusini hukutana. Ukanda huo huuosha.

Bara letu lina moshi wake, na wetu ni wa moto zaidi kuliko viwanda. Juu ya mlima Mugogo nchini Rwanda, mita 2,590 kutoka usawa wa bahari, kuna kituo kinachopima masizi na gesi kwa mfululizo. Kinaona misimu miwili ya moshi kila mwaka, inayofuata misimu miwili ya kiangazi: Desemba hadi Februari nyika zinapochomwa upande wa kaskazini, na Juni hadi Agosti zinapochomwa upande wa kusini. Oktoba 2008 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana Nairobi kushirikiana kuhusu hewa chafu inayovuka mipaka. Julai, masizi yanapopanda kwenye vipimo vya Mugogo, wanaovisoma hufanya kazi ileile ya wenzao wa Fukue. Wanairudisha hewa nyuma siku baada ya siku, juu ya Tanzania, juu ya Zambia, wakitafuta ni moto upi iliupitia, huku moshi wa majiko ya kuni na mkaa ya bonde lililo chini yao ukipanda mlima jioni na kuingia kwenye mrija uleule.